Santuri ya Dada Iliyosonya

Nilimchukia shemeji yangu kwa miaka saba, na kazi hiyo niliifanya kwa bidii. Chuki hutunzwa kama mbuzi wa maziwa. Ukimlaza njaa siku mbili, maziwa yanakauka. Watu wengi huchoka. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, niliyezoea kurudia jambo lile lile kila asubuhi mpaka liingie vichwani, kwa hiyo sikuchoka.

Chanzo kilikuwa santuri moja na dada yangu aliyeimba ndani yake.

Dada alikuwa mkubwa wangu kwa miaka saba. Tulizaliwa katika tembe moja, nusu siku ya kutembea kutoka Dodoma mjini. Yeye alikua kabla baba hajabatizwa, mimi nikakua baada ya ubatizo huo, na tofauti hiyo ilitugawa kuliko umri. Yeye alilelewa na bibi, akaolewa na dereva wa trekta wa Kongwa, wakati ule Waingereza walipokuja na mitambo yao kulima karanga mahali ambapo hata mzee kipofu angewaambia mvua haitoshi. Mimi nilipelekwa misheni, nikavaa viatu, nikarudi mjini kufundisha wasichana kusoma. Nilipanga vyumba viwili Majengo, karibu na wauza nafaka, na vumbi la uwele liliingia mpaka ndani ya chaki zangu.

Mwaka mmoja kabla karanga hazijawashinda Waingereza, Wazungu wawili walifika Kongwa na gari la kunasia sauti. Walitaka nyimbo za wafanyakazi na wake zao. Wanawake wengi walikimbia wakisema sauti ikichukuliwa hairudi. Dada hakukimbia. Alisimama mbele ya kipaza sauti akaimba wimbo wake wa kupepeta uwele, aliokuwa ameutunga kwa Kiswahili ili hata wafanyakazi waliotoka mbali wauelewe: "Sisahau msimu, sisahau siku, uwele umesimama, sisi tumesimama." Upepo wa Kongwa ulikuwa mkali siku hiyo, kwa hiyo Mzungu alimsogeza mbele, akamsogeza tena, mpaka midomo yake ikakaribia kukigusa kile chuma. Haya alinisimulia mwenyewe huku akicheka, akisema alidhani anatakiwa kukila.

Santuri zilirudi baada ya miezi mingi. Kila mwimbaji alipewa moja. Zilikuwa za plastiki, zile mpya ambazo ukiziangusha hazipasuki kama sahani. Nilikwenda Kongwa kwa lori kuisikiliza katika ukumbi wa wafanyakazi, kupitia kipaza sauti kikubwa kilichofungwa juu ya mlango. Watu walipiga vigelegele tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Hiyo ndiyo mara yangu moja ya kuisikia, na kwa kweli nilichosikia zaidi ni vigelegele. Lakini nilirudi nyumbani na sauti safi kichwani, kama maji ya mtungi, na hakuna aliyeweza kunitoa huko.

Mvua zilizofuata zilikuja na homa, na homa ikamchukua dada. Aliacha binti wa miaka mitatu. Shemeji alimleta mtoto kwa mama yangu, maana kambi ya matrekta haikuwa mahali pa kulea mtoto asiye na mama, na pamoja na mtoto alileta ile santuri. Mama, aliyekwisha kuwa mjane, alihamia kwangu Majengo. Mtoto alilala kitandani kwangu, akanizoea, akaniita mama mdogo kwa miezi miwili halafu akaacha neno la pili. Santuri niliiweka chini kabisa ya sanduku langu, chini ya kanga. Hatukuwa na gramafoni, na hata tungekuwa nayo nisingethubutu.

Miaka miwili ilipita hivyo. Siku moja nilirudi kutoka shuleni nikakuta mama ameinamia chungu cha mlenda, hanitazami usoni. Shemeji alikuwa amekuja. Alitoa shikamoo, akakaa, akasema anaoa. Halafu akaomba santuri aende nayo Kongwa kwa ajili ya harusi. Mama alimpa.

"Umempa?" nilimwuliza.

"Alikuwa mume wake," mama alisema.

Mwalimu mwenzangu mmoja alihudhuria harusi hiyo. Aliniambia bila kujua anatia kuni motoni kwamba watu walicheza kwa wimbo wa dada, na bwana harusi mwenyewe ndiye aliyeomba upigwe. Fikirini jambo hilo. Mke mpya ameketi na ushungi wake, na anayemwimbia ni mwenzake aliye kaburini. Nilikaa katika chumba cha walimu, daftari hamsini mbele yangu, nikaweka alama ya kosa hata penye majibu sahihi.

Aliirudisha santuri mwenyewe, imefungwa ndani ya taulo safi. Safari hiyo alinikuta. Alinishukuru, kisha akamwambia mama lile neno ambalo ndilo hasa lililomleta: sasa ana nyumba na mke, na baada ya mavuno atakuja kumchukua binti yake.

Kwetu hilo halina mjadala. Mtoto ni wa baba. Ng'ombe wa mahari walikwisha kutoka, ukoo ulikwisha kula na kunywa, na mimi dada mdogo wa marehemu sikuwa na haki hata ya ukucha wake. Mtoto alikuwa amekaa miguuni kwangu akichora herufi kwenye vumbi. Nilimtazama yule bwana na taulo lake nikaamua kwamba hatampata.

Lakini kuamua si kuwa na silaha. Silaha niliipata siku nilipoipeleka santuri kwa fundi saa.

Alikuwa Mhindi, mtu wa makamo, mwenye duka dogo karibu na stesheni. Alitengeneza saa za wafanyakazi wa reli na gramafoni za yeyote, na ndani ya duka alikuwa na radiogramu yake ya umeme, redio na gramafoni pamoja, yenye mkono mwepesi, aliyoifuta kila asubuhi kabla hajafungua mlango. Alinijua kwa sababu nilimpelekea saa ya shule. Nilimwambia nataka kusikia kama santuri hii imerudi salama.

Akaiweka. Dada akaanza kuimba, na nikashika meza. Kila "sisahau" ilitoka ikitatarika kama maji yaliyomwagwa juu ya kikaango cha moto. Maneno mengine yalikuwa mazima. Ilipofika "s" tu, sauti ilichubuka.

"Ameiharibu," nilisema.

"Polepole, Mwalimu. Kwanza tunauliza sindano," alisema.

Alitoa sindano, akaipuliza, akaisugua kwa brashi ndogo. Ilikuwa na uzi wa vumbi, lile vumbi letu jekundu linaloingia hata kwenye yai. Akapiga tena. Ilisonya vilevile. Akaweka sindano mpya. Ilisonya. Akatoa santuri yangu akaweka ya mwimbaji mwingine, mwanamume wa pwani mwenye "s" nyingi kupita kiasi, na zote zikatoka laini.

"Basi mashini haina kosa, na sindano haina kosa. Sasa tunauliza santuri."

Aliiosha kwa maji na sabuni kidogo, akaifuta kwa kitambaa laini akizunguka na mistari yake, akaiacha ikauke kivulini huku akinipa chai. Ilipokauka ikasonya kama mwanzo. Alisikiliza mwanzo wake, akanyanyua mkono, akasikiliza mwisho wake karibu na karatasi ya katikati. Akarudia mara mbili.

"Sindano nzito ikila santuri," alisema, "hula zaidi huku ndani, kwa sababu mzunguko ni mdogo na mistari imebanana. Yako inasonya sawasawa, mwanzo mpaka mwisho."

"Basi aliila yote."

Alibana jichoni kile kioo chake cha kutazamia saa, akaipeleka santuri mlangoni penye mwanga, akaigeuza huku na huku. "Santuri iliyoliwa na chuma hugeuka kijivu," alisema. "Hii bado ni nyeusi, inang'aa."

Nilimsikia vizuri. Niliyaacha maneno yake palepale juu ya meza pamoja na kikombe chake.

"Limebaki jaribio moja," aliendelea. "Nakala nyingine ambayo haijapigwa. Ikiwa safi, yako imeharibiwa. Ikisonya, basi ndivyo ilivyonaswa. Na kwa sasa usiipige kwenye gramafoni ya ufunguo, yenye sindano ya chuma. Plastiki hii itakwisha." Halafu akaondoa kioo jichoni, akaniuliza kwa upole, "Samahani, Mwalimu. Dada yako alikuwa na meno yote?"

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Sisi Wagogo, enzi za bibi, mtoto alipofika umri fulani alitolewa meno mawili ya chini, ya mbele. Ndiyo ilikuwa desturi, na aliyebaki nayo alichekwa na wenzake kwamba ana mdomo wa punda. Dada alitolewa. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka alivyorudi na damu kwenye kidevu, kichwa juu kama askari. Mimi sikutolewa, kwa sababu baba alikuwa amebatizwa na mchungaji alikataza. Mjini mambo yaligeuka: waliochekwa walikuwa wenye mapengo. Watoto wa stesheni waliwaiga wazee wetu sokoni jinsi walivyotamka, na mimi nilipita na mkoba wangu nikijifanya sisikii.

Sasa mwenye duka ananiuliza meno ya dada yangu, na mimi nimesimama mbele yake na viatu vyangu vya kamba.

"Yote," nilisema. "Meno kama mahindi mabichi."

Aliinamisha kichwa, akaifunga santuri ndani ya taulo. Uongo ule ulikuwa mdogo, wa neno moja, na nilitoka nao dukani nikautembeza mji mzima.

Shemeji alipopita tena kumsalimia mtoto nilimwuliza barazani alitumia sindano gani kwenye harusi yake.

"Mwiba wa mgunga, shemeji," alisema. "Chuma kingeila. Niliuchonga mwenyewe, kila wimbo ukiisha nachonga mwingine."

Nilicheka mbele yake. Mwiba! Kesho atasema aliipiga kwa unyoya wa kuku. Njia ya mwongo ni fupi, nilimwambia, na nikafurahi kuona anainamisha uso. Baadaye, kwa udadisi tu, nilimwuliza fundi saa kama mwiba unaweza kupiga santuri. Alisema unaweza, na kwamba ni laini kuliko chuma. Hilo nalo nililiacha juu ya meza yake.

Kikao cha ukoo kiliwekwa baada ya mavuno, kijijini, mbele ya tembe ya baba yetu mkubwa. Ilikuwa asubuhi, jua bado halijawa kali. Wazee saba waliketi kwenye vigoda. Mama aliketi kwenye ngozi na mtoto mapajani. Shemeji alikuja peke yake, amevaa koti, na nilijua kila mtu pale alikuwa amekwisha amua. Wangemuuliza anakaa wapi, mke mpya ana tabia gani, kisha wangempa mtoto wake na sisi tungepika.

Mimi nilikuwa nimekuja na gramafoni ya ufunguo niliyoazima kwa mwalimu mkuu. Sindano yake ilikuwa ya chuma, nene. Maneno ya fundi saa niliyakumbuka yote. Nilizungusha ufunguo hata hivyo.

Baba mkubwa alipouliza kama kuna mwenye neno, nilisimama, nikasema marehemu naye ana neno. Nikateremsha mkono wa gramafoni juu ya santuri.

Wazee wale walikuwa hawajasikia santuri kwa karibu namna ile. Dada aliimba katikati yao, katika ua aliokulia, na mzee mmoja alifunika uso kwa mgolole. Halafu zikaja zile "s". Zilitatarika, zikasonya, moja baada ya nyingine.

"Anamsonya nani?" baba mkubwa aliuliza.

Ningeweza kumwambia kwamba ni mashini. Mimi nilikuwa mtu wa misheni, sikuamini kwamba wafu husonya. Nilikuwa nimesimama jangwani na mtungi wa maji mkononi, na niliumwaga kwa makusudi.

"Sijui, baba," nilisema. "Kabla wimbo wake haujapigwa kwenye harusi ile hakuwa akisonya."

Waliomba nirudie. Nilirudia. Wakaomba tena, nikarudia mara ya tatu, na sindano ile nene ikapita mahali pale pale. Shemeji alisimama.

"Shemeji, wewe unajua. Dada yako alikuwa akisema hivyo hivyo. Alikuwa na pengo, na 's' yake..."

Ndipo nilipomkamata.

"Mnamsikia?" niliwageukia wazee. "Sasa anayacheka mapengo ya marehemu."

Wazee saba wote walikuwa na mapengo hayo hayo. Wote walisema "s" ile ile ya dada, na kwa kuwa kila mtu wa rika lao alisema hivyo, hakuna aliyekuwa ameisikia maishani mwake mpaka mashini ilipoikuza. Nyuso zao zilifunga kama milango. Baba mkubwa alitema mate pembeni, akasema mtu anayecheza ngoma kwa sauti ya mkewe aliyekufa, kisha akamcheka mdomo, hawezi kupewa damu yao. Alete kondoo wa tambiko, arudi kwake, asubiri kuitwa.

Kondoo alimleta. Kuitwa hakuitwa. Kila mwaka nilikwenda kijijini na sukari na majani ya chai, nikamkumbusha baba mkubwa kile alichosikia.

Niseme ukweli, miaka ile ilikuwa mitamu. Karanga zilikuwa zimekwisha kushindikana, shemeji akaacha matrekta yaliyobaki, akapata kazi kwenye ranchi ya ng'ombe huko huko Kongwa. Kila kiangazi alishuka kwenye lori na kifurushi: kitambaa, asali, siku moja jozi ya viatu vilivyokuwa vidogo kwa sababu hakujua mtoto amekua kiasi gani. Nilimruhusu akae na binti yake barazani huku mimi nikisahihisha daftari hatua tatu kutoka kwao. Sikuwahi kumpigia kelele. Nilimkaribisha maji, nikamwita "shemeji" kila sentensi. Akiondoka, nilimwambia mtoto, "Huyo ndiye aliyeharibu sauti ya mama yako." Nilimwambia hivyo akiwa na miaka sita, nikamwambia akiwa na miaka tisa, kama ninavyofundisha silabi. Santuri nilimkataza kuigusa. Nilisema haisikiki tena, na kwa hiyo mtoto alikua bila kusikia mama yake akitamka hata neno moja.

Alipokuwa na miaka kumi na miwili, alianza kuuliza kuhusu Kongwa. Kuna nini huko? Nyumba ya baba ina madirisha mangapi? Wadogo zake wanaitwa nani? Nilijibu kwa mkato, na usiku wala mchana sikupenda sauti ya maswali hayo. Mwaka huo huo shemeji alipeleka ombi jipya kwa wazee, na safari hii baba mkubwa alikuwa mgonjwa na vijana wa ukoo hawakujali mambo ya kusonya.

Ndipo mtoto aliporudi kutoka shule akiwa na ujumbe. Fundi saa alikuwa amemwita alipokuwa akipita. "Amesema nikwambie lile jaribio limepatikana."

Nilikuwa nimemsahau yule bwana. Yeye hakuwa amesahau. Duka moja la Kongwa lilikuwa limefungwa, mali yake ikanunuliwa na wenye maduka wa Dodoma, na ndani ya sanduku la vitu visivyouzika alikuta nakala ya santuri ya dada, bado ndani ya karatasi yake, haijaguswa na sindano tangu izaliwe.

Sijawahi kufurahi vile. Niliona kisu kimeletwa mlangoni kwangu, kimenolewa. Nilimwandikia shemeji barua ya mistari miwili: njoo Jumamosi, dukani kwa fundi saa, usikie ulichokiharibu. Nilitaka asikie sauti safi ya dada mbele ya binti yake. Nilitaka binti amtazame baba yake wakati sauti hiyo inatoka, na baada ya hapo aulize tena kama Kongwa kuna madirisha.

Jumamosi tulikwenda watatu, mimi, mama na mtoto. Shemeji alikuwa amekwisha fika, amesimama nje na kofia mkononi. Nywele zake zilikuwa na mvi. Alimwamkia mama. Mtoto alimwamkia yeye, kisha akarudi upande wangu, na hilo nililiona kama dalili njema.

Nilikuwa nimebeba ile ya zamani pia, ili tulinganishe. Fundi saa aliitoa ndani ya taulo kwanza. Hakuipiga. Aliipeleka mlangoni penye mwanga kama miaka ile, akabana kioo jichoni, akaigeuza huku na huku.

"Mwalimu," alisema, "hii sasa ni ya kijivu. Nilipoitazama mara ya mwisho haikuwa hivi. Nani ameipiga kwa chuma?"

Shemeji alinitazama, kisha akatazama chini. Nilisema tusipoteze muda, aweke mpya.

Alikata karatasi kwa kisu kidogo. Santuri ilitoka nyeusi tii, unaweza kujiona uso. Aliifuta, akaangalia sindano, akateremsha mkono polepole.

"Sisahau msimu, sisahau siku."

Ilisonya. Ilikuwa laini kuliko ya kwangu, bila kukwaruza, mluzi mdogo unaopita kati ya ulimi na mdomo, lakini ilikuwa palepale, katika kila neno lile lile. Haikuwa ya sindano wala ya mashini. Ilikuwa ya mtu, amesogezwa karibu mno na kipaza sauti siku ya upepo. Nilimwona dada akitokea nyuma ya tembe na damu kidevuni, kichwa juu. Niliisikia sauti aliyoniitia utotoni nije kula. Aliniita hivyo hivyo. Kila siku aliniita hivyo hivyo, na mimi nilikuwa nimeitoa sauti hiyo kichwani mwangu nikaweka nyingine ya misheni.

Shemeji alikuwa analia bila kujificha. "Ndiyo maana nilitaka wimbo wake upigwe," alisema, na hakuwa akisema na mimi. "Sikuweza kuoa bila yeye kuwapo."

Wimbo ulikwisha. Mtoto alikuwa amefungua mdomo kidogo, anapitisha ulimi nyuma ya meno yake ya chini, kutoka upande hadi upande.

"Mama mdogo," alisema. Ilikuwa miaka mingi hajaongeza neno lile la pili. "Mama alikuwa na meno ya hapa?"

Fundi saa alikuwa ameshika santuri kwa ncha za vidole, akinitazama. Nilijua anakumbuka jibu nililompa.

"Alitolewa mawili," nilisema.

"Kwa hiyo baba hakuiharibu?"

Hasira ilinipanda hata wakati huo, nawaambieni, nikatafuta pa kuitua nisipate. Nilisema hakuiharibu. Mtoto alimwomba fundi saa apige tena, na ilipoanza alivuka chumba akasimama karibu na koti la baba yake.

Tulirudi nyumbani mimi na mama peke yetu. Mtoto na baba yake walibaki dukani mpaka adhuhuri, wakisikiliza. Tulipofika kwa wauza nafaka, mama alisema, macho yake mbele, "Mimi nilijua. Nilimzaa mwenyewe, ningekosa kujua?"

"Kwa nini hukusema kikaoni?"

"Ulikuwa unanipatia mjukuu," alisema. "Ningekuzuiaje?"

Wiki iliyofuata binti alipanda lori la Kongwa na baba yake. Alichukua santuri mpya, akaniachia ya kijivu. Shemeji alisimama mlangoni akanisubiri niseme kitu. Nilimwambia safari njema. Radhi sikumwomba siku ile, na miaka aliyoishi baada ya hapo sikumwomba, kwa sababu kila nilipofungua mdomo nilimkumbuka akiwa na taulo lake, kanitokea mbele na haki yake yote mkononi. Hasira hasara, wanasema. Wanaosema hivyo hupenda kuisahihisha hasira ya mwenzao.

Barua ya kwanza ilikuja baada ya mwezi. Binti aliiandika kwa bibi yake, yaani mama, ambaye hakujua kusoma, kwa hiyo aliniletea, akakaa kwenye mkeka, akakunja mikono kusikiliza. Mwandiko ulikuwa wangu, nilioufundisha mwenyewe, "s" zote zimesimama vizuri. Nilisoma kwa sauti. Nyumba ya baba ilikuwa na madirisha manne. Baba alikuwa amemfundisha kuchonga mwiba wa mgunga. Wadogo zake walikwisha ujua wimbo wote na waliuimba wakichota maji. Aliwasalimu bibi, na fundi saa, na mama muuza uwele wa jirani, na paka wetu.

"Basi?" mama aliuliza. "Hakuna kingine?"

Niligeuza karatasi. Upande wa pili ulikuwa mweupe.

"Hakuna kingine," nilisema, nikaikunja nikamrudishia.